Uchafu Uliopanda Nasi

Harufu ndiyo iliyobaki. Mengi ya Dubai yamenitoka kichwani, hata sura za watu niliolala nao chumba kimoja miaka mitano, lakini uvundo wa tangi la choo cha mashua ile naupata mpaka leo. Huja mchana wa joto nikipita penye mtaro wa maji yaliyosimama, na ukija lazima niteme mate. Mke wangu amezoea, anadhani ni tumbo. Sijapata kumweleza kisa chenyewe.

Nilifika kule nimeshapita hamsini, nina cheti cha kidato cha nne na miaka ishirini na miwili ya kazi kwenye boti zinazovuta meli bandarini Mombasa. Nilidhani nitapewa usukani. Nilipewa brashi. Mashua ilikuwa ya matanga, nyeupe, ya mtu binafsi aliyeipanda labda mara mbili kwa mwezi. Kazi yangu ilikuwa kuisugua, kuitazama injini, kubadilisha kamba zilizochoka na kusafisha choo. Mwenyewe nilimwita sir na mkewe nikamwita madam, kama kila mtu. Jioni nilirudi Muraqqabat, kwenye chumba chetu cha vitanda vya ghorofa, nikajisugua kwa sabuni mara tatu kabla ya kugusa chakula cha wenzangu.

Choo cha mashua si kama cha nyumbani. Kila kinachoingia kinakwenda kwenye tangi lililo chini ya sakafu, na kinakaa humo mpaka kitolewe. Njia ya kukitoa ni mbili. Ukifunga gatini penye mashine, wanachomeka bomba juu na kukinyonya chote. Ukiwa mbali baharini, unafungua koki iliyo chini, karibu na choo chenyewe, na kinamwagika majini. Ndani ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, koki ile haifunguliwi kabisa. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini sisi wa boti za Kilindini tulikuwa tumelelewa vibaya. Kule tulifungua tu maji yakianza kupwa, na baada ya dakika kumi hakuna aliyejua nani kamwaga nini.

Mwaka ninaousimulia, sir alinunua nyumba kwenye mtaa mpya uliojengwa kuzunguka ziwa la kuchimbwa, juu kabisa ya hori, kupita Garhoud. Ziwa hilo walilijaza maji juu kuliko maji ya hori, ili lisipungue yakipwa na watoto wao waogelee bila kukutana na mafuta na takataka za mjini. Kwa hiyo mashua inayotoka hori kwenda ziwani hupita kwenye lango la maji. Ni chumba cha zege kirefu, chenye mlango wa chuma nyuma na mwingine mbele. Unaingia, wa nyuma unafungwa, maji ya ziwa yanaachiliwa chumbani, na mashua inapanda nayo polepole kimo cha mtu. Maji yakilingana, wa mbele unafunguliwa. Sir alitaka mashua yake ikalale mbele ya baraza la nyumba yake mpya, na alitaka marafiki zake waishuhudie ikifika.

Mlinda lango alikuwa mtu wa Tanga, wa miaka arobaini hivi, ndevu zimeanza kuingia mvi. Tulijuana kwenye pilau za Ijumaa pale Muraqqabat. Mama yake alikuwa wa upande wetu wa mpakani, na kwa sababu hiyo tu aliniita mjomba, bila ya kuulizana zaidi. Kabla ya lango alikuwa miaka mitatu Al Quoz, kwenye karakana ya faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo, akipiga msasa matangi na mashua. Unga wa faiba humwingia mtu kila mahali. Alikuwa akijikuna mpaka damu, na akikohoa hujikunja kama mtu anayeokota kitu. Mimi ndiye niliyesikia kwa sir kwamba langoni wanatafuta mtu, nikampasha habari. Kafeel wake wa karakana, mwajiri aliyeshika viza yake, alikubali kumwazima kwa miezi sita ya majaribio. Akifaulu, angehamishiwa kwa wenye lango moja kwa moja. Akishindwa, angerudi kwenye faiba. Siku tuliyopandisha mashua alikuwa amebakiza wiki tatu, na kikohozi kilikuwa kimekatika.

Ilikuwa Jumamosi. Tulitoka kabla hakujapambazuka, sir na mimi tu, kwa sababu mlingoti ule mrefu haukuweza kupita chini ya madaraja ya mjini mpaka yafunguliwe, na yalifunguliwa kwa saa zake, magari yakiwa bado machache. Tulizungukazunguka tukisubiri, injini ikinguruma chini chini. Maji ya pale mbele ya Deira yalikuwa na ngozi ya mafuta yenye rangi saba, na juu yake mifuko, maganda, na panya mmoja aliyevimba aliyekuwa akitufuata kila tukigeuka. Sir alijifunga kitambaa puani. Nikamcheka kimoyomoyo. Nilijiona mimi ni mtu wa bahari, na yeye ni mtu wa ofisini.

Madaraja yakafunguliwa, tukapita. Saa mbili asubuhi tulikuwa tumefunga Garhoud. Sir akaenda kuwachukua wageni hotelini, akaniachia kazi mbili: kuhakikisha tangi la choo limenyonywa na kujaza maji safi. Tangi lilikuwa limeshafika zaidi ya nusu tangu wiki iliyotangulia, na hilo nalo lilikuwa kosa langu. Mtu wa mashine akaniambia bomba liko kwenye mashua nyingine, nisubiri saa moja. Ningeweza kukaa nikasubiri. Badala yake nilikwenda nyuma ya hoteli moja ya karibu, penye chumba cha kufulia, ambako palikuwa na wenzetu wawili wa Mombasa. Nikakaribishwa mahamri na mbaazi. Nikaanza kujisifu. Niliwaambia leo napandisha mashua mpaka ziwani, nahodha ni mimi, sir hajui hata kufunga kamba. Mmoja akaniuliza kama nahodha naye husafisha choo au ana mtu wake. Wakacheka, nami nikacheka, na nikaongeza maneno ili nirudishe heshima yangu. Nilikaa pale saa mbili na zaidi.

Niliporudi, wageni tisa walikuwa wanapanda, na mtu wa mashine alikuwa amekwenda zake. Sir akaniuliza, tangi je. Nikamjibu liko tupu.

Safari ya kutoka pale mpaka langoni si ndefu, lakini sir alitaka matanga yapandishwe, watu wapige picha, kwa hiyo tulikwenda huku na huku kwa saa tano. Walikula kamba wakubwa na chaza wabichi waliowekwa juu ya barafu iliyokwisha kuyeyuka. Walikunywa. Sikumlaumu mtu kwa kunywa, si kazi yangu. Lakini joto, chaza na bia havipatani tumboni, na mchana ule mlango wa choo haukutulia. Nilisimama kwenye usukani nikihesabu kila aliyeshuka. Nilikuwa nikisikia pampu ya choo ikikohoa, kila safari kwa shida kuliko iliyopita. Nilishuka mara moja nikagonga tangi kwa kidole. Halikuitika. Lilikuwa limejaa mpaka juu, na pembeni mwa kifuniko kulikuwa na unyevu wa rangi ya kahawia, unaotoa mapovu madogo madogo. Nikapanda juu nikashindwa kuwatazama watu wakila.

Tulifika langoni alasiri. Mlinda lango alikuwa amesimama ukingoni na fulana yake ya kazi iliyopigwa pasi, akatupokea kamba.

"Mjomba, kumbe leo wewe ndiye nahodha?"

"Nahodha wa choo," nikamwambia.

Akacheka. "Basi umekuja penyewe, maana hicho choo ndicho kinachonihusu."

Akanionyesha sili. Sheria ya pale ilikuwa kwamba kila mashua, kabla ya kuingia chumbani, koki yake ya chini lazima ipigwe sili: kamba fupi ya plastiki yenye namba, ukishaikaza haifunguki mpaka uikate. Mlinda lango mwenyewe ndiye anayeshuka, anaipitisha kwenye mpini wa koki, anaikaza, kisha anatia sahihi kwenye karatasi kwamba ameifunga kwa mkono wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Kufungua na kufunga milango ilikuwa ni kubonyeza vitufe.

Akaweka mguu mmoja kwenye mashua, akachungulia chini, akaurudisha. Chini palikuwa na wanawake watatu wanabadilisha nguo ili wakaogelee ziwani, na njia ya chooni inapita hapo hapo. Tena alikuwa ametoka kutia udhu. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa, na fulana aliyovaa ndiyo hiyo moja ya kazi, ndiyo ya kuswalia. Harufu alikwisha kuisikia, niliona pua yake ikisogea. Akanitazama mimi, mtu wa makamo ya mjomba wake, mwenye ndevu nyeupe kuliko zake, akaona haya kuniambia kuwa choo changu kinanuka.

"Mjomba, nisaidie," akasema, akaninyooshea sili. "Nina udhu, na mle ndani wamo wanawake. Wewe funga, mimi nitaandika."

Mzungu asingempa mtu sili yake. Mhindi asingempa. Yule alinipa kwa sababu ni mimi, na kwa sababu alilelewa kwamba mtu mzima wa kwenu ukimwachia kitu hukirudii nyuma kukikagua.

Nikashuka. Nilipiga magoti mbele ya choo, sakafu imelowa, na nilijua kinachokuja. Tangi halina nafasi. Mtu mmoja zaidi akiingia, litarudisha juu, mbele ya madam, na sir atajua nilimdanganya asubuhi. Nilifikiri kama mtu wa Kilindini. Nikasema maji ya ziwa yakifunguliwa yataingia kwa nguvu, nikipunguza kidogo wakati huo yatachukua, hakuna atakayeona. Kwa hiyo sikuipitisha sili kwenye mpini. Niliizungushia bomba la pembeni, nikaikaza ikalia. Ukitazama harakaharaka ungesema imefungwa. Nikapanda. Haikunichukua hata nusu dakika.

"Tayari," nikamwambia.

"Mungu akuweke, mjomba." Akatia sahihi.

Tukaingia. Mlango wa nyuma ukajifunga kwa kishindo, na mara sauti za nje zikakatika. Tulikuwa ndani ya kisanduku cha zege, kuta zimeota ute wa kijani, jua juu ya vichwa. Juu ukingoni walikuwa wamesimama majirani wapya wa sir, wengine na watoto, wamekuja kutazama mashua ya kwanza ya matanga kuingia ziwani. Maji yakaanza kuingia. Madam akachomoza kichwa kutoka chini, uso umebadilika, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba choo kinarudisha. Nikashuka mbio. Sakafu ilikuwa imeshajaa. Nikaushika mpini nikaugeuza.

Nilitaka kuugeuza kidogo tu. Koki zile za zamani hazina kidogo. Tangi lililobanwa tangu wiki ile lilitapika lote, nikalisikia likipita chini ya miguu yangu, na sikuweza kulirudisha.

Nilichosahau ni kwamba pale maji hayapiti, yanaingia tu. Milango yote miwili imefungwa. Chochote kilichomwagwa mle hakina pa kwenda ila juu, pamoja na mashua, pamoja na sisi. Nilipofika sitahani, maji yote yaliyotuzunguka yalikuwa yamegeuka rangi. Kila kitu kilikuwa kinazunguka polepole, karatasi, povu na vitu ambavyo kila mmoja wetu anavijua na hakuna anayetaka kuvitaja. Vilikuwa vikigonga ubavu mweupe nilioupiga nta wiki ileile. Tulipanda navyo. Kila dakika ilitupandisha karibu zaidi na nyuso za wale waliosimama ukingoni, na nyuso hizo zilikuwa zikirudi nyuma, mikono puani. Mgeni mmoja akatapika juu ya kamba za matanga. Mwingine akafuata.

Mlinda lango alifanya alichofundishwa. Alisimamisha maji na hakuufungua mlango wa mbele, maana ungefunguliwa, yote yale yangeingia kwa watoto ziwani. Akaita lori la kunyonya maji machafu, na akamwita msimamizi wake. Lori likakawia karibu saa mbili. Muda wote huo tulikaa mle ndani, hatutoki kwa sababu ngazi ya ukutani ilikuwa imeshaguswa na uchafu, joto linachemsha ile supu, na inzi wamekwisha kupata habari. Nimewahi kuzibua mitaro, nimewahi kumwosha maiti aliyekaa siku nne majini. Sijawahi kuchukia mwili wa binadamu kama nilivyouchukia mle, miili yetu yote, walioagiza chaza na aliyewasafishia.

Na nilimwona. Alikuja na wavu wa kuopolea majani kwenye bwawa na ndoo mbili. Alikuwa amekunja suruali. Alishuka ile ngazi mpaka ngazi ya mwisho, mguu ndani, akawa anaopoa. Ilimrukia fulana, ilimrukia ndevu. Nilipotaka kushuka kumsaidia, sir aliniambia nibaki na wageni, nami nikabaki. Nikashika kamba safi mkononi kana kwamba ina kazi. Aliopoa, akamwaga, akaopoa tena. Alasiri ikampita.

Msimamizi alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye karatasi kwenye ubao. Alipanda mashuani, akashuka chini na tochi, akakaa kidogo, akarudi. Sili ipo, akasema, lakini imefungwa kwenye bomba, si kwenye koki. Sir akasema haraka kwamba basi koki imejifungua yenyewe kwa mtikisiko, maana haikufungwa. Sijui kama aliamini. Msimamizi akamwita mlinda lango asogee, naye akasogea na wavu wake, anadondosha matone. Akamwuliza kama sahihi ile ni yake. Akajibu ni yake.

Kisha msimamizi akanigeukia mimi. Alisema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayemsaidia mzee:

"Alishuka mwenyewe kufunga? Ulimwona?"

Mlinda lango alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Aliinua tu macho akanitazama, akisubiri, na usoni hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hakika na mimi.

"Ndiyo, sir," nikasema. "Nilimwona."

Akayashusha macho. Msimamizi akamwuliza kama ana la kusema. Akasema hana. Akaambiwa khalas, kazi imekwisha, akabadilishe nguo, arudishe funguo.

Tulipofika barazani kwa sir, wageni wakakimbilia mabafu. Sir akanisubiri nifunge kamba. Akaniambia anajua kuwa tangi halikunyonywa, alimpigia mtu wa mashine tukiwa mle chumbani. Nikangoja anifukuze. Akanipiga bega. Akasema nimefanya vizuri, vinginevyo mashua ingepigwa marufuku ziwani kabla haijalala usiku mmoja, na anapenda mtu anayejua yuko upande gani. Akatabasamu. Mkono wake ulikuwa unanuka manukato na chini yake ile harufu nyingine. Nilitapikia maua ya madam. Madam akasema maskini mzee, joto limempata.

Siku kumi na moja za kazi nilikwenda na kurudi, nikisugua mashua isiyokuwa na doa. Kila nilipoulizwa Muraqqabat habari za lango, nilisema jamaa alikuwa na bahati mbaya. Hivyo ndivyo nilivyosema, bahati mbaya. Ijumaa ya pili hakuja kwenye pilau, na mtu mmoja akataja kwamba amerudi Al Quoz. Mwingine akasema labda ni uzembe, kazi nyepesi humlevya mtu. Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalirudisha kwenye sinia, jambo ambalo kwetu halifanywi, na nikatoka.

Kesho yake nikaenda kwa msimamizi. Nilimweleza yote, tangu mahamri mpaka mpini. Nilisema nitaandika, nitatia sahihi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha dirishani. Langoni alikuwa amesimama mtu mwingine, Mnepali, fulana imempwaya. Akaniuliza nataka amwambie nini yule, kwamba arudi alikotoka kwa sababu mzee amekumbuka ukweli? Akasema nikiandika ataiweka barua kwenye faili. Na akasema, bila ukali wowote, kwamba siku ile alinipa nafasi. Alijua sili zote zilizofungwa na mtu wake kwa miezi mitano, na hakuna iliyofungwa vile.

Nikapanda basi kwenda Al Quoz. Karakana ilikuwa nyuma ya maghala, mlango wazi, unga mweupe umeganda hata kwenye nyaya za umeme. Niliuliza, nikaelekezwa. Alikuwa ndani ya ganda la mashua iliyopinduliwa, anapiga msasa, kitambaa mdomoni. Alipotoka nilimjua kwa mwendo tu, uso wote ulikuwa mweupe. Alikohoa kwanza. Alijikunja, akasubiri kipite, akanyooka. Kisha akaleta kiti cha plastiki, akakifuta kwa mkono wake, akaniwekea kivulini. Akaenda akarudi na chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi. Hayo yote kabla sijasema neno. Laiti angenifukuza.

Nikamwambia nimetoka kwa msimamizi. Nikamwambia nilivyofunga, na kwa nini, na kwamba nafasi imejazwa. Chai ilikuwa imeingia unga, sikuweza kuinywa na sikuweza kuiweka chini.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Ulipanda upesi mno. Anayefunga sili hukawia, mipini ya koki huwa na kutu."

Nikamwuliza kwa nini basi alitia sahihi, na kwa nini hakusema mbele ya msimamizi.

"Ningekurudisha chini nikukague?" Akatikisa kichwa. "Na kule nilikuachia wewe useme. Yalikuwa maneno yako, si yangu."

Nikamwambia nitafanya lolote analotaka. Nilitarajia aseme hakuna, kama watu wanavyosema. Yeye akafikiri, akatoa simu mfukoni, akaipangusa unga. Akanieleza kwamba mkewe Tanga hasemi naye vizuri. Alikwisha kuwatangazia wakwe kuwa mumewe ametoka kwenye faiba, na sasa kurudi kwake kumekuwa maneno vinywani mwao: kwamba amefukuzwa kwa sababu ya mavi, kwamba hakufunga choo. Amemweleza mkewe mara tatu yaliyotokea, haamini, anaona ni visingizio. Kazi sitaweza kumrudishia, akasema, hilo analijua. Lakini hili la nyumbani kwake naliweza.

Akapiga. Akamwambia mkewe kuna mtu anataka kusema naye, akanipa simu.

Nilimwamkia yule mwanamke kama mkwe wangu. Nikamwambia mimi ndiye mwenye mashua ile, maana yangu mtunzaji wake, na mimi ndiye niliyefunga sili vibaya kwa makusudi, na mimi ndiye niliyefungua koki, na nilipoulizwa nilimsingizia mumewe, naye amesimama mbele yangu. Kusema hivyo kwa Kiswahili kulikuwa kugumu kuliko nilivyokusema ofisini. Kwa Kiingereza maneno yale hayakuwa na uzito, yalikuwa kama ya kwenye fomu. Nyuma yake nilisikia mtoto, na sufuria.

"Wewe ni mtu mzima?" akaniuliza.

Nikamjibu ndiyo. Nikamtajia na miaka, hamsini na saba, sijui kwa nini.

"Mpe mume wangu simu."

Nikampa. Alisogea pembeni, akanigeuzia mgongo, na mara ya kwanza tangu nifike nikamsikia anacheka kidogo, cheko la mtu aliyekuwa amebanwa. Waliongea. Alikuwa akikohoa katikati ya maneno, anaomba radhi, anaendelea. Mimi nilibaki kwenye kiti alichonipangusia, unga unanishukia mabegani na kwenye chai, mpaka kengele ya karakana ikalia na akarudi ndani ya lile ganda bila kupita nilipokaa.